SOMO: Kusaka mikanda ya zamani ya maandamano ya kupinga vita ya Vietnam

Wakuu, naandika hili mara moja tu. Kila wiki lazima mtu anifuate pembeni: "Naomba video ya maandamano ya Vietnam." Kuanzia leo nitamrushia uzi huu, nilale.

1. Chagua siku. Maandamano yalikuwa mengi mno. Kuna ya Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, 21 Oktoba 1967. Kuna Chicago, Agosti 1968, polisi walipowacharaza virungu waandamanaji wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democrats. Kuna umati wa Washington, 15 Novemba 1969. Kuna maveterani waliorusha medali zao mbele ya Bunge la Marekani, 23 Aprili 1971. Ukisema "yote", hutapata kitu.

2. Ingia mtandaoni kwenye katalogi ya National Archives, hifadhi ya kumbukumbu za taifa ya Marekani. Ni bure.

3. Tafuta kwa maneno ya wakati ule. Karani aliyejaza kadi mwaka 1967 hakuwa anakufikiria wewe. Jaribu "demonstration" na "pickets". Andika "Viet Nam" kwa maneno mawili, kisha "Viet-Nam" na kistari. Jina la mahali husaidia kuliko jina la harakati.

4. Soma maelezo ya shoti, yaani vipande vilivyomo kwenye mkanda, kabla ya kushusha. Bando ni lako.

5. Hakiki tarehe mwenyewe. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliwaandalia vijana wa klabu ya filamu dakika nane za "Pentagon 1967", kama kilivyosema kichwa cha aliyeipandisha mtandaoni. Tukiwa katikati, mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwanangu, rudisha kidogo. Hapo. Simamisha." Kulikuwa na bango limeshikwa juu ya kofia ya manyoya, linamtaka Rais Nixon arudishe askari nyumbani. Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, 1967 rais alikuwa nani. Alikuwa Johnson, Nixon ameapishwa Januari 1969. Nilivyotulia nikaona na mengine: makoti mazito ya Novemba, na nyuma yao ule mnara mrefu wa Washington, wakati mkutano wa 1967, kabla watu hawajaandamana kwenda Pentagon, ulifanyika kwenye Lincoln Memorial. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima.

Kwa hiyo: kichwa cha mpandishaji ni maneno yake tu. ANGALIA mabango, mavazi, miti, majengo. ANGALIA kila mkato upya, maana watu huunganisha miaka miwili kwenye video moja. Ukishindwa kuthibitisha, andika "haijathibitishwa" au usiitumie.

6. Usiamini sauti. Mikanda mingi haikurekodiwa na sauti. Kwenye filamu za habari za sinema, kelele za umati mara nyingi zilipachikwa studio. Usinukuu kaulimbiu uliyoisikia bila kuiona mdomoni mwa mtu au kwenye bango.

7. Haki. Kilichopigwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani kazini hakina hakimiliki huko kwao. Universal Newsreel, filamu za habari za sinema, nayo iliachiwa umma, lakini inaishia 1967. Kampuni ya filamu za habari ya British Pathé na shirika la habari la AP wameweka mikanda yao YouTube uitazame. Ukitaka kuitumia, lipia.

MASWALI

Kinyozi wa Tabata: Mkuu, weka linki basi.
— Hatua ya 2.

Dogo Janja 77: Nimetafuta sijaona chochote. Somo lako halifanyi kazi.
— Uliandika nini?
Dogo Janja 77: vietnam protest video HD
— Hakuna karani aliyeandika HD kwenye kadi mwaka 1967. Hatua ya 3.

Mtu Mzima: Yaani wewe mwenyewe ulichemka, halafu unatufundisha?
— Ndiyo. Ungependa ufundishwe na nani, ambaye hajawahi kukamatwa?

Binti Pangani: Shikamoo kaka. Nimepata mkanda wa Pentagon, ila karibu kila shoti naona migongo ya askari na helmeti zao. Waandamanaji wako mbali. Ni kawaida?
— Marahaba dada, swali zuri sana hili. Jiulize kamera imesimama upande gani. Wapiga picha wa jeshi walisimama nyuma ya mstari wa wenzao, kwa hiyo unawaona raia kupitia katikati ya helmeti. Mwandishi wa habari aliyebanwa kwenye umati anaona singe zikimwelekea yeye. Tafuta shoti za pande zote mbili za saa ileile uziweke sambamba. Na kama unataka habari za televisheni za jioni, Chicago ni rahisi kuliko Pentagon: Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilianza kuzirekodi 5 Agosti 1968, wiki tatu tu kabla ya ule mkutano. Kabla ya hapo nyingi hazikutunzwa kwa mpangilio.

Fundi Redio: Nyongeza: kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza herufi E, video inasogea fremu moja moja. Mabango yanasomeka vizuri.
— Asante fundi. Ningeijua hii, mzee asingeniumbua.

Zeze: Nje ya mada kidogo. Marehemu babu ameacha kopo la filamu, linanuka siki. Nikampelekee mtu mwenye projekta?
— Hapana! Harufu hiyo ni filamu inaoza. Projekta itaichana. Itenge na mikanda mingine, iweke pakavu penye ubaridi, utafute mwenye skana ya filamu. Kopo limeandikwa nini?
Zeze: "Tanga 1964", kwa kalamu.
— Wakishaiskani, tafuta bendera. Milia ikiwa imelala, ni ya Tanganyika, kabla ya Juni 30 mwaka huo. Ikikatiza kona kwa kona, ni ya baadaye. Uturudishie majibu hapa.