Nyumba tupu inanuka? Mwaga maji kwanza

Kama nyumba unayoiuza imekaa wiki kadhaa bila mtu, siku moja kabla ya mnunuzi kuja pita na ndoo umwage maji kwenye kila tundu la maji machafu: sinki, bafu, na hasa lile la sakafuni ambalo hakuna anayelikumbuka. Lita moja au mbili zinatosha. Chooni vuta maji mara moja tu. Chini ya kila tundu bomba limejipinda, na maji yanayotuama kwenye kile kipindo ndiyo yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Yakikauka, nyumba itanuka hata upige deki mpaka sakafu ing'ae (mimi nilimaliza chupa nzima ya manukato ndipo fundi bomba akaniambia). Kama hutarudi karibuni, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye yale matundu ya sakafuni. Yanaelea juu, maji hayakauki upesi. Harufu ikirudi baada ya siku moja au mbili, tatizo si ukavu. Huenda bomba limepasuka au lile la kupumulia, linalotoa hewa ya maji taka nje, limeziba, na hapo ndoo haisaidii, ita fundi.