Amplifaya ya valvu imezima: pima kila kitu kabla ya kununua valvu

Fyuzi ikikatika kwa kishindo, wengi hukimbilia kuagiza valvu (mrija wa kioo usio na hewa unaokuza mawimbi). Nawasihi msifanye hivyo. Mara nyingi valvu ndiyo iliyoumizwa, na ukiweka mpya huku chanzo kikiwa bado kipo, nayo itaungua. Somo hili linahusu amplifaya ya redio ya HF (MHz 3 hadi 30) yenye valvu ya aina ya 3-500Z, gridi (wavu wa kudhibiti mkondo ndani ya valvu) ikiwa imeungwa kwenye chasisi, anodi (bamba linalopokea mkondo) ikipata volti 3000 hivi.

1. Ondoa chaji. Chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita nane za µF 200 zilizoungwa mfululizo huwa µF 25, na kwa volti 3000 hubeba jouli zaidi ya 110. Hizo zinaua. Rezista za kuondoa chaji, nane za kilo-omu 50, huishusha chini ya asilimia 1 kwa sekunde 50, lakini ikiwa tu zote ni nzima, na wewe umefungua boksi kwa sababu kuna kitu kibovu! Kwa hiyo tumia fimbo ya kuhami yenye rezista, pima volti iliyobaki kwenye kila kapasita, kisha unga volti kubwa na chasisi kwa waya unaobaki hapo hadi umalize. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako.

2. Rezista na dayodi. Pima kila rezista, ukiipa mita muda itulie. Iliyokatika huiacha kapasita yake ibebe volti kupita kiasi, ndipo inapovimba. Dayodi moja ikipiga shoti, badilisha mstari mzima, maana zilizobaki zimeshateswa.

3. Njia ya volti kubwa na bayasi (volti inayopanga mkondo wa valvu ikiwa imetulia). Tafuta rezista ndogo ya kinga, kwa kawaida omu 10. Ikiwa imekatika, kulikuwa na shoti mbele yake. Kisha dayodi ya zena inayotoa bayasi kwenye kathodi (hapa ni filamenti yenyewe): ikipiga shoti, mkondo wa anodi hupanda hata bila kuzungumza, ikikatika, mkondo hupotea.

4. Sasa valvu. Ikiwa baridi, filamenti isome karibu na sifuri, na kati ya gridi na filamenti mita isionyeshe mpito wowote wa umeme. Kipimo hiki hakigundui shoti inayotokea valvu ikipata moto. Kagua pia rezista iliyo sambamba na koili juu ya anodi, kwani ikiungua, mitetemo isiyotakiwa ya masafa ya juu huweza kurudi.

5. Kuwasha. Toa ule waya wa chasisi uliouweka hatua ya 1. Washa kwanza bila valvu, balbu ya filamenti ikiwa mfululizo na umeme wa ukutani. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, ondoa chaji upya, rudi hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, anodi inakuwa nyekundu nikituma. Imekwisha?*
Hapana. 3-500Z imetengenezwa kuwa nyekundu, na joto hilo husaidia kunyonya gesi iliyobaki ndani. Ikiwa nyekundu sana bila kutuma, rudi kwenye zena.

*Nguvu imeshuka kwenye bendi ya mita 10 pekee.*
Valvu dhaifu ingeonekana kwenye bendi zote. Angalia swichi ya bendi: sehemu iliyoungua huwa nyeusi.

*Kapasita moja imevimba. Nibadilishe hiyo tu?*
Badilisha zote nane pamoja na rezista zake. Mpya na chakavu hazigawani volti sawa.