Paja likivunjika juu kidogo ya goti: kupima, kutibu, kuandika msimbo

Huku Amu (Lamu) huletewa zaidi watu wa aina mbili: kijana aliyeanguka na bodaboda au kutoka mnazini, na bibi aliyeteleza ukumbini. Kijana mkague mwili mzima. Bibi mifupa yake imeshadhoofika, kishindo kidogo kinatosha.

1. Anza na wayo, goti baadaye. Ateri kubwa imepita nyuma ya goti, imegandamana na mfupa, na misuli ya kigimbi huvuta kipande cha chini kikainamia nyuma, upande huohuo. Tafuta mapigo juu ya mgongo wa wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, ulinganishe na mguu usioumia. Yakiwa hafifu, nyoosha mguu taratibu, pima tena. Yasiporudi, mpigie daktari wa upasuaji hapohapo, eksirei itangoja. Damu ikikatika kwa muda wa saa 6, misuli inakufa. Andika na saa uliyopima.

2. Kagua ngozi yote, hata nyuma ya paja. Kitundu kidogo kinachovuja damu yenye matone ya mafuta ni mvunjiko wazi: antibiotiki ya mshipa ndani ya saa 1, kinga ya pepopunda, kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi.

3. Mpe dawa ya maumivu, kisha funga gango (kibao cha kushikilia mguu) toka nyonga hadi kifundo, goti likunjike kidogo. Familia ikitaja mkandaji, kataa kwa adabu lakini kataa. Kama anavushwa Mokowe, ng'ambo ya bara, pima mapigo kabla ya boti na baada ya kushuka.

4. Eksirei: ya mbele na ya ubavu, nyonga ionekane pia. Unachotafuta ni kama ufa umeingia kwenye kiungo. Mvunjiko wa Hoffa, unaokata nyuma ya kondili (kichwa cha mviringo kwenye ncha ya chini ya paja; kimoja cha ndani, kimoja cha nje), hasa ya nje, hujificha kwenye picha ya mbele. Ukiutilia shaka, omba picha ya CT.

5. Ufa ukiingia kiungoni, uso wa gegedu lazima urudishwe sawasawa kwa skrubu na bamba. Usipoingia, bamba au msumari wa ndani unaopitia gotini. Plasta ni ya mfupa usiosogea. Goti lianze kukunjwa mapema, daktari akiruhusu.

6. Msimbo. Kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani, ni S72.4; tarakimu ya tano 0 ni mvunjiko uliofunga, 1 ni wazi. Angalia unatumia toleo gani, maana S72.41 ya Marekani ni kondili, haisemi lolote kuhusu kidonda. Huko juu ya kondili ni S72.45, ukishuka katikati ya kondili S72.46, kisha kulia au kushoto. Faili isiposema wazi au umefunga, huhesabiwa umefunga, na kile kitundu cha hatua ya 2 kinapotea kwenye takwimu. Daktari akiandika kwamba mfupa wa bibi umevunjika kwa osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika), nenda M80. Ongeza chanzo: W14 mtini, V28 pikipiki iliyoanguka yenyewe, V80.0 kuanguka toka mgongoni mwa mnyama. Hiyo ya mwisho ikariri, punda tunao.