Pikipiki iliyolala stoo kwa miezi: namna ya kuiwasha bila kuiharibu

Huku kusini pikipiki nyingi hulala kwa msimu. Mvua zikishakolea, njia za kuingia vijijini Tandahimba, Newala au Liwale huwa utelezi mtupu, na mwenye chombo anaamua kukisukumia stoo na kukifunika turubai mpaka ardhi ikauke. Stoo hiyo hiyo ndiyo yenye mifuko ya salfa, dawa ya unga iliyobaki baada ya kupuliziwa mikorosho. Kwa walio Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati au Lindi kuna adui mwingine, upepo wa chumvi kutoka baharini. Siku ya kuitoa, unapiga kiki mpaka mguu unauma na haiwaki.

Usinunue kitu kwanza. Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa inawaka vizuri, mara nyingi haina kifaa kilichokufa. Ina petroli iliyochacha ndani ya kabureta, au viungo vya waya vilivyoshika kutu, au betri iliyoisha. Watu hununua CDI (kisanduku kinachoamuru plagi itoe cheche) na koili (inayokuza umeme wa plagi) mpya, wakafunga, na bado haiwaki, kwa sababu tatizo lilikuwa tundu dogo la jeti, kipande cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, lililoziba. Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta za cc 100 hadi 150, ndizo nyingi kwenye bodaboda. Andaa spana ya plagi (ya mm 16 au 18, kutegemea plagi yako), spana namba 8, 10 na 12, bisibisi bapa na ya nyota, msasa laini, mswaki wa zamani, mita ya kupimia umeme, sirinji ndogo, chupa angavu na petroli mpya lita 2. Fanyia kazi nje penye hewa, na asikaribie mtu mwenye sigara wala jiko.

Hatua ya 1: Usipige kiki bado

Chungulia kwanza. Panya hupenda kutafuna waya zilizo chini ya siti na kujaza manyoya na makapi kwenye boksi la kichujio cha hewa. Nyigu hujenga udongo kwenye mdomo wa ekzosi. Ingiza kijiti uone kama kuna njia. Pima oili kwa kijiti chake. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia: imwage yote, weka mpya (kwa injini hizi ni kama lita 1, kiasi kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, au mara nyingine ubavuni mwa injini), ndipo uendelee.

Sasa safisha kwa mswaki mchanga unaozunguka plagi, ili usidondokee ndani, kisha fungua plagi. Kwa sirinji, tia ml 5 za oili ya injini kwenye tundu lake na uache dakika 15. Weka nyutro, halafu sukuma kiki kwa mkono, polepole, mara tano au sita. Ukuta wa silinda uliokaa bila oili hushika kutu nyembamba, na ringi zikiburuzwa juu yake zikiwa kavu zinachanika. Kiki ikigoma kabisa, usiikanyage kwa nguvu. Ongeza oili, iache ilale hadi kesho, jaribu tena kwa mkono.

Kwa sababu hiyo hiyo, tafadhali usikubali vijana waisukume ikiwa kwenye gia kabla ya hatua hii. Pistoni iliyoshika ikilazimishwa na tairi, kinachovunjika ni ringi.

Hatua ya 2: Betri

Pima volti bila kuwasha chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi. Ikiwa karibu 12.0 imeisha, ichajiwe. Iliyoshuka chini ya 10.5 na kukaa hivyo kwa miezi, mara nyingi haifufuki. Chaji taratibu, kwa moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya Ah 5 ichajiwe kwa ampea 0.5. Chaja kubwa ya gari itaichemsha. Kama ni ya maji, jazia maji safi ya betri (si asidi) hadi mstari wa juu kabla ya kuchaji, maji ya bomba hapana.

Usidhani kiki inakuondolea haja ya betri. Baadhi ya pikipiki CDI yake hulishwa na betri, na betri ikiwa imekufa kabisa hupati moto hata ukipiga kiki asubuhi hadi jioni. Angalia pia fyuzi, na usugue vituo vya betri mpaka ving'ae.

Hatua ya 3: Mwaga mafuta ya zamani

Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto haraka, huruka hewani. Kinachobaki ni kizito, kinanuka kama rangi ya zamani, na kikikauka kinaacha gundi ya kahawia. Kwenye tangi lililojaa hali hii huchukua miezi. Kwenye bakuli la kabureta, ambalo hubeba mafuta kidogo sana, wiki chache za joto la pwani zinatosha.

Funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi, chomoa mpira wa mafuta, elekeza kwenye chupa angavu kisha fungua koki. Acha chupa itulie dakika 10. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatajitenga chini. Chembe nyekundu ni kutu ya tangi. Ukiona kimojawapo, mwaga tangi lote. Kisha legeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta, litoke lililomo, ukaze tena. Funga koki, mimina petroli mpya. Ukinunua ya chupa barabarani, itulize na uikague vivyo hivyo.

Mafuta yakitoka vizuri kifuniko cha tangi kikiwa wazi, lakini yakikatika kikifungwa, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lizibue, vinginevyo pikipiki itawaka na kuzima kila baada ya mwendo mfupi.

Hatua ya 4: Iulize plagi

Rudisha plagi na mpira wa mafuta, washa swichi, fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, vuta choki, piga kiki nane hadi kumi bila kuzungusha mkono wa mafuta. Ikiwaka, nenda hatua ya 8. Isipowaka, fungua plagi mara moja uitazame.

Ikiwa kavu, mafuta hayafiki silinda: nenda hatua ya 5. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi: nenda hatua ya 6. Huu ndio uamuzi mkubwa katika kazi yote, na ni bure kabisa.

Hatua ya 5: Kabureta

Ondoa kabureta nzima. Kuisafisha ikiwa bado imefungwa kwenye injini ni kujidanganya. Kabla ya kuichokoa, ikaze skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho ukihesabu mizunguko, uandike (mara nyingi ni kati ya moja na nusu na miwili na nusu), ndipo uitoe. Ikaze kwa vidole tu, ncha yake ikibanwa sana inaharibu kiti.

Fungua bakuli. Toa pini ya floti kwa kuisukuma polepole, kisha floti (boya linalopima mafuta kwenye bakuli) na kisindano chake. Tingisha floti karibu na sikio: ukisikia maji ndani imetoboka. Ndani utaona jeti mbili. Kubwa ni ya mwendo, ndogo ni ya kuwashia na kusaga taratibu. Ndogo ndiyo unayoitafuta. Tundu lake ni jembamba kuliko uzi, na gundi kidogo tu inatosha kulifunga. Ielekeze kwenye jua: usipoona nuru ya duara, imeziba.

Loweka jeti kwenye petroli mpya au spre ya kusafishia kabureta kwa nusu saa. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, au unywele wa brashi ya nailoni. Usitumie sindano, spoku wala waya wa chuma. Jeti ni shaba nyeupe laini; ukiipanua, pikipiki itakula mafuta na kutoa moshi mweusi, na utalazimika kununua nyingine. Piga upepo wa pampu kwenye kila njia iliyomo mwilini mwa kabureta, pamoja na tundu la skrubu ya mchanganyiko, ambalo wengi hulisahau.

Ukisharudisha, mafuta yakitiririka kwenye mpira wa kumwagia, kisindano hakifungi. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiendelea, futa kiti cha kisindano kwa pamba, au badilisha kisindano.

Hatua ya 6: Moto wa plagi

Hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani haijazimwa. Inasahaulika kuliko unavyofikiri.

Ifute plagi, ikaushe, safisha ncha, pima nafasi: mm 0.6 hadi 0.7 kwa nyingi za aina hii. Iingize kwenye kofia yake, ilaze mwili wake uguse chuma cha injini mbali na tundu lililofunguliwa, kwa sababu hapo unatoka mvuke wa petroli. Fungua swichi, piga kiki. Unataka cheche ya buluu, yenye mlio. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Jaribu plagi mpya kwanza. Ndiyo kifaa pekee ninachokuruhusu kununua kabla ya kupima.

Bado hakuna? Zungusha kofia ya plagi itoke, kata mm 5 za ncha ya waya wa koili upate shaba safi, uirudishe. Kisha fuata viungo vyote: soketi ya CDI, waya za koili, waya zinazotoka kwenye magneto (kizalisha umeme kilicho ubavuni mwa injini), na ule waya wa ethi unaoshikwa na bolti kwenye fremu. Hapa ndipo salfa na chumvi hufanya kazi yao. Chumvi huacha kutu ya kijani. Vumbi la salfa likikutana na unyevu hushambulia shaba na kuacha ukoko mweusi, na ukoko huo haupitishi umeme vizuri hata kama soketi kwa nje inaonekana imekaa sawa. Chomoa kila soketi, sugua pini kwa msasa laini, pangusa, paka grisi kidogo, rudisha. Bolti ya ethi ifunguliwe na chuma kisuguliwe hadi king'ae.

Baada ya hapo tu, moto ukiwa bado haupo, azima CDI na koili za pikipiki ya aina ile ile ujaribu moja baada ya nyingine.

Hatua ya 7: Hewa na kompresheni (mgandamizo wa silinda)

Kichujio cha sponji kilicholala kwenye stoo ya salfa kioshe kwa maji ya sabuni, kikauke, kipake oili kidogo. Cha karatasi kikung'ute au kibadilishe. Kisha ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kupiga kiki: pumzi inapaswa kukirusha kidole. Ikiwa legelege, valvu inaweza kuwa imekwama wazi kwa kutu, au haina nafasi. Hapo mwite fundi mwenye geji ya valvu.

Hatua ya 8: Ikiwaka

Moshi wa dakika za kwanza ni ile oili uliyotia kwenye silinda. Iache isage dakika 3 bila kuipandisha, ndipo urudishe choki. Ikizima kila unaporudisha choki, jeti ndogo haijazibuka sawasawa. Rudi hatua ya 5. Pima volti za betri huku injini ikizunguka kwa kasi ya kati: 13.5 hadi 14.5 ni chaji nzuri. Kabla ya kuipeleka barabarani, jaza upepo, lainisha mnyororo, na jaribu breki ukiwa bado uani.

Msimu ujao, siku ya kuiweka stoo, funga koki na uiache isage mpaka izime yenyewe, kisha mwaga kilichobaki kwenye bakuli. Jaza tangi mpaka juu ili unyevu usipate pa kukaa. Chomoa waya hasi wa betri, na mifuko ya salfa ihamishie chumba kingine.