Mtoto wa hemofilia B akipata mzio wa faktari 9: fanya hivi

Wauguzi wenzangu, tumefundishwa kwamba mgonjwa wa hemofilia, ambaye damu yake haigandi vizuri, hachomwi sindano ya msuli. Ni kweli, isipokuwa anapopata mzio mkali katikati ya dozi ya faktari 9, ile protini ya kugandisha damu anayoikosa mwenye hemofilia B. Hapo woga wetu wa kumchoma adrenalini unaweza kumuua.

Hatua ya 1: Jua nani yuko hatarini

Wenye hemofilia A, wanaopewa faktari 8, ni nadra kupata mzio wa namna hii. Wa hemofilia B ndio wa kuangaliwa, hasa mtoto ambaye kipande kikubwa cha jeni yake ya faktari 9 kimefutika. Mwili wake haujawahi kuiona protini hii, kwa hiyo unaichukulia kama adui na kuitengenezea kingamwili. Mzio na kingamwili mara nyingi huja pamoja, na kwa kawaida ndani ya dozi 20 za mwanzo.

Muulize mama kuhusu kaka zake, maana ugonjwa hupitia kwake: je, kuna mjomba wa mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya dawa hii? Na dozi hizo 20 zitolewe kituoni. Najua nauli inawaumiza wazazi na wengi huomba chupa wakachomee nyumbani. Kwa hili usikubali.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuchanganya dawa

Mpime uzito siku hiyo hiyo. Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1 hutolewa miligramu 0.01 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 12 anapata mililita 0.12. Mtoto asizidishiwe 0.3, mtu mzima 0.5. Andika kipimo hicho kwenye plasta, ibandike kwenye trei. Hesabu inayopigwa huku mtoto anakoroma hukosewa.

Hatua ya 3: Toa polepole, mtazame mtoto

Kwa mtu mzima usizidi mililita 3 kwa dakika. Kwa mtoto nenda taratibu zaidi. Tafuta vipele, kikohozi cha ghafla, kutapika, midomo kuvimba, sauti kukwaruza. Mama akisema "mwanangu amebadilika", simamisha kwanza, uchunguze baadaye.

Hatua ya 4: Adrenalini, bila kusita

Funga dawa. Kanula usiichomoe, utaihitaji kwa maji. Badilisha mpira wa dripu tu. Choma adrenalini kwenye paja, upande wa nje, katikati. Kisha bonyeza kwa gozi dakika 10 bila kuachia, na uendelee kukagua kama paja linavimba. Damu ikivilia pajani tutaitibu. Pumzi ikikatika, hatuna cha kutibu.

Mlaze miguu juu. Akihema kwa shida aketi, lakini asisimamishwe. Oksijeni, dripu. Hakuna nafuu baada ya dakika 5? Rudia adrenalini. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuanza na dawa nyingine za mzio, Piriton na haidrokotisoni, kisha kungoja. Hizo ni za baadaye, haziokoi pumzi.

Hatua ya 5: Baada ya dhoruba

Mlaze wodini, kwani mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Chukua damu kwenye kichupa cha sitreti, chenye kifuniko cha bluu, ipimwe kingamwili kwa kipimo cha Bethesda.

Hapa wengi hujikwaa: akianza kutoka damu usiku huo, mtu hukimbilia plazma, yaani majimaji ya damu. Plazma ina faktari 9. Mchanganyiko wa protrombini, dawa yenye faktari kadhaa za kugandisha, unayo, na hata ule ulioamshwa, tunaowapa wenye kingamwili wa hemofilia A, unayo pia. Dawa yake ni faktari 7 iliyoamshwa. Kama kituo chako hakina, piga simu hospitali ya rufaa mapema, kabla damu haijaanza kutoka.

Kumzoesha tena faktari 9 kidogo kidogo ni kazi ya kituo kikubwa chenye bingwa wa damu. Akirudi kwako akiwa kwenye matibabu hayo, pima protini kwenye mkojo kila anapofika na uangalie uso kuvimba, kwa sababu figo za baadhi yao huharibika.

Hatua ya 6: Kadi

Andika kwa herufi kubwa: HEMOFILIA B, MZIO MKALI WA FAKTARI 9, ASIPEWE PLAZMA WALA PROTROMBINI, APEWE FAKTARI 7 ILIYOAMSHWA. Msomee mama mpaka aweze kuirudia bila kuitazama, kisha ishone kwenye mfuko wa begi la mtoto.