Kupiga picha ndege wa bwawani kipindi cha masika, hapa hapa Dar

Watu wanajua kuona ndege mpaka uende Mikumi, kumbe bwawa la mtaani kwako mwezi huu wa nne limejaa. Sisi hatuna machipuko kama ya Ulaya ila masika ndo kipindi wenyeji wanajenga viota, na wageni walioingia tangu mwezi wa tisa, wa kumi wanajiandaa kurudi kwao kutaga. Mbayuwayu mwenye koo jekundu kwenye waya wa umeme, huyo anasepa sasa hivi. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa kwenye tope, nao waangalie vizuri, wengine kifua kimeshaanza kuwa chekundu kama tofali la kuchoma.

Wahi saa 12 na nusu asubuhi, kaa jua likiwa mgongoni kwako. Ikishafika saa 3 mwanga unakuwa mkali na picha zinapauka, bora urudi saa 11 jioni.

Halafu acha kumkimbiza ndege, atakushinda tu. Tafuta matete yenye viota vya mnana, kaa chini utulie. Dume, yule wa njano, anachana nyuzi za majani mabichi anafunga kwanza pete ya kusimamia, anajenga kuizunguka, akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini anapiga mabawa kuita majike, na wakimkataa mpaka kiota kikauke anakibomoa mwenyewe anaanza upya. Raha yake ni kwamba anarudi palepale kila dakika, kwa hiyo fokasi unaiweka mapema kwenye kiota, spidi ya shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) 1/1000 ya sekunde au zaidi, unapiga mfululizo. Kukiwa na mawingu acha ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga) ipande, picha yenye chenga inavumilika ila iliyotikisika ni ya kufuta.

Yangeyange ni mweupe mno, anaungua kwenye picha, shusha mwanga kidogo. Kwenye simu mguse kwenye skrini halafu buruta kale kajua kushuka chini. Mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano ni wa majini, mfupi mwenye mdomo wa njano mara nyingi ndo yule anayefuata ng'ombe.

Huna lenzi kubwa? Zuum ya simu usiivute mpaka mwisho, azima darubini uweke kamera ya simu kwenye tundu la kuchungulia, inahitaji mkono mtulivu lakini inatoa.

Nendeni wawili, simu ikitoka mfukoni iwe na kamba mkononi. Ukikuta wakulima wa mchicha wasalimie, ndo wanaojua ndege wanalala wapi. Bonde la Msimbazi mvua ikinyesha usishuke kabisa, maji yanakuja ghafla.

Na matete usiyapinde ili kiota kionekane. Kunguru hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wanakula mayai na makinda, na ukishawafungulia njia wewe ukiondoka tu wao wanaingia.