Jinsi ya Kumfikisha Mtu Aliyepoteza Uwezo wa Kuona kwenye Huduma za Utengamao Kupitia Gombolola

Mwongozo huu unamhusu jamaa au jirani wa mtu mzima aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijijini hapa Uganda, anayetaka mtu huyo ajifunze upya kutembea, kupika, kutunza pesa zake na kurudi kazini, yaani apate utengamao. Nimeuandika baada ya kumsindikiza mzee mmoja wa upande wa Busia, mfanyabiashara wa nafaka ambaye presha ya macho ilimpunguzia uwezo wa kuona pole pole mpaka akaacha kwenda sokoni. Msimamo wangu nautanguliza: ukifika kwenye ofisi ya gombolola, yaani utawala mdogo ulio chini ya wilaya, na kusema tu kwamba huyu haoni, asaidiwe, utapewa pole na kuambiwa usubiri. Ukifika na maombi yanayotaja ujuzi anaouhitaji na mtu anayeweza kumfundisha, afisa anapata kitu cha kushughulikia.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo halina tiba

Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena baada yake. Usianze kumtafutia mtu fimbo kabla mtaalamu wa macho hajasema wazi kwamba upasuaji au miwani haitamrudishia uwezo wa kuona. Kwa watu wa mashariki, hospitali ya macho ya Wabenedikto iliyoko Tororo ndiyo iliyo karibu; wa magharibi wana Ruharo pale Mbarara, na wa Kampala wana Mulago na Mengo.

Hatua ya pili: pata barua ya macho iliyokamilika

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa hiyo nitaieleza hatua hii kwa urefu.

Barua ya kwanza ya yule mzee ilikuwa na mstari mmoja tu uliosema kwamba ana tatizo la macho na anatumia dawa ya matone. Barua ya pili, kutoka kliniki nyingine, ilitaja kipimo cha 6/12 kwa jicho lake la kulia. Kipimo hicho kilikuwa sahihi, na ndicho kilichomkwamisha. Aliyeipokea ofisini alijua kwamba Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu upofu pale jicho lililo bora linapokuwa chini ya 3/60, yaani mtu anapolazimika kusogea karibu zaidi kuliko mita 3 ili aone kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Mtu wa 6/12 kwa hesabu hiyo hana hata ulemavu wa kati wa kuona, ambao huanza chini ya 6/18. Lakini mzee huyo alikuwa akigonga milango, akiangukia mitaro na kushindwa kumwona mtu aliyesimama kando yake.

Sababu ni kwamba presha ya macho huanza kula pembezoni mwa kile mtu anachokiona, na mara nyingi katikati hubaki mpaka mwisho. Mgonjwa husoma herufi za ukutani vizuri, huku akiutazama ulimwengu kama kupitia bomba. Ndiyo maana ubao wa herufi peke yake hautoshi, na ndiyo maana viwango hivyo hivyo vya kimataifa humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye upana wa kuona kwake, katika jicho lililo bora, hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati, hata kama herufi anazisoma.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka kliniki, mwombe mtaalamu kwa heshima aandike mambo haya: jina la ugonjwa kwa kila jicho, kipimo cha kila jicho, bila miwani na kwa miwani, upana wa kuona, kama hali hiyo inatibika au la, na shughuli ambazo mgonjwa hawezi tena kuzifanya kwa usalama. Kuhusu upana wa kuona, hospitali kubwa zina mashine maalumu, lakini msikate tamaa pale isipokuwepo, kwa maana mtaalamu anaweza kuupima kwa kukaa uso kwa uso na mgonjwa na kusogeza vidole kutoka pembeni, kisha akaandika alichokiona. Kipimo cha vidole kilichoandikwa kina faida kuliko kipimo cha mashine kilichobaki kwenye kumbukumbu za hospitali. Someni barua hiyo mkiwa bado pale, kwa sauti, mgonjwa akisikia, kwa sababu yeye ndiye anayejua kilichosahauliwa. Tarehe, muhuri na jina la aliyeandika visikosekane. Toeni nakala kadhaa, na barua halisi msiiache ofisi yoyote.

Jambo moja zaidi: barua hii haimaanishi kwamba dawa ziachwe. Matone hayarudishi kilichopotea, lakini hulinda kile kilichobaki, na mafunzo yote yatakayofuata huwa mepesi kwa mtu aliyebakiwa na uwezo kidogo wa kuona.

Hatua ya tatu: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji)

Chukueni barua ya utambulisho na kitambulisho cha taifa. Katika kamati ya kijiji yumo pia mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Mjulisheni siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: afisa maendeleo ya jamii wa gombolola

Huyu ndiye mlango wenyewe, kwa kuwa shughuli za utengamao katika jamii zimo katika kazi zake, chini ya idara ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Andikeni maombi ya ukurasa mmoja. Ya mzee wetu yalisema kwamba anahitaji kufundishwa kutumia fimbo nyeupe kutoka nyumbani hadi sokoni, kutambua noti, na kutumia simu kwa sauti, na kwamba mkewe yuko tayari kufundishwa pamoja naye. Kila ombi lilikuwa jambo linaloweza kupangwa na kukaguliwa.

Wengi huchanganya maombi haya na ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu. Ruzuku hiyo hutolewa kwa vikundi vyenye mradi wa kuleta kipato. Inafaa sana baadaye, mtu anapokuwa ameanza kujimudu, lakini haijibu haja ya mtu mmoja kufundishwa kutembea, na mtu asiyeweza kufika kwenye mkutano wa kikundi chake mara nyingi hubaki jina tu kwenye orodha. Ningependa utengamao utangulie.

Afisa akisema hana mwalimu, mwombeni awaunganishe na tawi la UNAB, chama cha kitaifa cha wasioona kilichoanzishwa mwaka 1970. Kwa anayetaka kujifunza ufundi wa mikono, vipo vituo vya serikali kama Kireka na kile cha Mpumudde pale Jinja. Kwa mtoto njia ni tofauti: anzeni na ofisi ya elimu ya wilaya, na ulizeni kuhusu shule kama Madera ya Soroti au Salama ya Mukono.

Hatua ya tano: fimbo nyeupe

Msinunue fimbo bila kumpima mtu. Akisimama wima, ncha ya chini ya fimbo ikiwa ardhini, mwisho wa juu wa fimbo ufike kwenye chembe cha moyo chake. Anayetembea haraka anaweza kuhitaji ndefu kidogo. Kwa njia zetu za udongo napendelea fimbo nzima isiyokunjwa, yenye ncha nene inayobingirika, kwa kuwa ncha nyembamba hunasa kwenye mawe na matope. Ile ya kukunja naikubali kwa anayepanda matatu kila siku.

Fimbo hupita kushoto na kulia, mbele ya mwili, kwa upana unaozidi mabega kidogo. Mguu wa kulia unapotangulia, ncha hugusa kushoto, na mguu wa kushoto unapotangulia, ncha hugusa kulia, ili kila mahali panapokanyagwa pawe pamekwisha kukaguliwa. Anzeni uani, kisha njia moja tu, na msiongeze ya pili kabla ya ile ya kwanza kuzoeleka. Fimbo haigundui tawi lililoinama wala kioo cha boda boda kilichotokeza, kwa hiyo afundishwe pia kuinua mkono mmoja mbele ya uso anapopita mahali anapopashuku.

Familia nayo ifundishwe kuongoza. Asiyeona asivutwe mkono wala kusukumwa mgongoni. Yeye ndiye ashike mkono wa anayemwongoza, juu kidogo ya kiwiko, akifuata nusu hatua nyuma.

Hatua ya sita: pesa na simu

Kila noti ikunjwe kwa namna yake: ya 5,000 mara moja kwa upana, ya 10,000 kwa urefu, ya 20,000 mara mbili, na ya 1,000 isikunjwe kabisa. Mtu akiipokea aulize ni ngapi, aikunje hapo hapo.

Kwenye simu ya Android, washeni TalkBack, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, katika mipangilio ya ufikivu. Sauti ya Kiswahili ipo. Namba ya siri aiandike akiwa na vipokea sauti masikioni, na asimpe yeyote, hata mtoto wake mpendwa. Menyu za kutuma pesa hufungwa haraka kabla sauti haijamaliza kusoma, hivyo azikariri namba za kubonyeza.

Hatua ya saba: kufuatilia

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango na makongamano ya bajeti ya wilaya hutangulia kwa miezi mingi. Maombi yanayofika Mei huwa yamechelewa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliweka madiwani wawili wa watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, katika baraza la gombolola na la wilaya. Mpelekeeni mmoja wao nakala ya maombi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mwombeni ayasemee barazani yakiwa na maneno yale yale: mafunzo ya nani, ya kitu gani, na nani atakayefundisha.